Kila Meza na Buli Lake

"Usinitajie mjukuu, Bi Geddes," Merle Cuthill alikuwa anasema nilipofika kwenye ua, ameikaba chupa shingoni kama mtu aliyekamata bata wa jirani. "Mjukuu wako yuko Brisbane anaota jua. Nani mwingine anakunywa soda ya limau humu ndani na baridi hii ya Julai?"

Walipofikia kuitana Bi Geddes na Bi Cuthill, baada ya kuishi ua kwa ua tangu nywele zao zikiwa nyeusi, nilijua mambo yameharibika. Nikalitua pipa langu la taka chini, maana mikono ikiwa na mzigo masikio hayasikii vizuri.

Upepo wa kusini ndio ulioanza fitina. Ilikuwa asubuhi ya gari la taka, na ulikuja kutoka kwenye theluji ukaangusha mapipa ya mtaa mzima, siri za kila nyumba zikawa zinabingirika barabarani. Zangu hazikunitisha, watu wanazijua. Lakini mbele ya geti la Effie Geddes zilijipanga chupa tupu za soda ya limau, na Merle alikuwa amezikuta kabla ya mwenyewe kuamka.

Effie alisimama mlangoni kwake, aproni mpaka magotini, mikono ameificha kwapani. Akasema soda anakunywa yeye.

"Wewe?" Merle akacheka bila furaha. "Wewe unayesema sukari kwenye chai ni dawa ya mgonjwa?"

Kisha akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Kwenye chai ya mazishi ya Athol Baird alikuwa amefungiwa skonzi za Effie kwenye taulo, kama tunavyofungiana, akaenda kuzila kwake na chai yake mwenyewe, ile nyeupe ya maziwa mengi aliyoamriwa na daktari kwa ajili ya moyo. Alipotafuna akahisi utamu. Akatafuna tena. Skonzi ya siagi haina utamu ule, akasema, utamu ule anaujua, na Effie anajua kwa nini anaujua.

Hapo hata mimi nilitazama chini. Kila mtu hapa Kirkbrae anajua. Miaka mingi nyuma Merle alipeleka skonzi kwenye chai ya ukumbi wetu kwa mara ya kwanza, amezikanda kwa soda ya limau na krimu, njia ya mkato wanayoitumia akina mama wa mijini. Effie akaonja moja na kumrudishia sahani mlangoni, mbele ya watu waliovua kofia, akamwambia ukumbi huu si kioski cha stesheni. Tangu siku hiyo Merle anapeleka biskuti za tangawizi, na ni nzuri sana, lakini biskuti haziketi meza ya mbele.

"Nimesugua siagi kwenye unga mpaka vidole vikapasuka, nijifunze njia yako," Merle akasema, sauti imeshuka sasa. "Hata hivyo hukuonja zangu tena. Leo na wewe ni kioski."

Effie alimtazama. Wanawake wa ukoo ule hawakunji uso, wananyoosha shingo tu.

"Njoo Jumamosi kwenye chai, ukayaseme ukumbini," akajibu. "Hapa uani wanaokusikia ni kuku."

Akaingia ndani, akaufunga mlango kwa kiwiko. Nilikiona kile kiwiko, nikajiuliza, kisha upepo ukapeperusha kifuniko cha pipa langu nikakikimbilia.

Sasa, watu wa Kirkbrae hatuna mengi ya kuringia. Timu yetu ya raga iliishiwa vijana ikaunganishwa na ya jirani. Shule ilifungwa. Wakati ndege za kifahari zinatua kule maziwani, hapa tunapata basi la watalii waliopotea njia ya kwenda kwenye milima ya Takitimu. Lakini ikifika katikati ya kipupwe, theluji imeteremka mpaka mabondeni na kondoo wamegeuza mgongo kwenye upepo, njoo kwenye chai ya ukumbi wetu kisha uniambie umekunywa chai bora wapi. Watu hutoka mpaka Gore na Invercargill, barabara ikiwa barafu tupu, kwa ajili ya kiti kimoja karibu na jiko la kuni.

Siri yetu ni hii: kila meza na buli lake. Kumbi nyingine huchemsha pipa moja la chai, kila mtu anachota ileile, ale keki, ale mikate ya jibini, kwao sawa tu. Kwetu pipa ni la maji ya moto, na msimamizi wake ni mimi. Chai inapikwa mezani, na aliyeoka ndiye anayejua alichooka kinataka chai gani. Keki ya sponji na krimu yake inataka chai nyepesi, maana yenyewe ina aibu. Mikate ya jibini iliyokunjwa na kuokwa ikapakwa siagi inataka chai kavu, bila maziwa, ikate mafuta. Biskuti za tangawizi za Merle ni ngumu kama vigae mpaka uzichovye, kwa hiyo chai yake ina maziwa mengi na vikombe vyake ni vipana. Ukibeba kikombe cha meza hii ukaenda kula nacho vitafunio vya meza ile, hakuna atakayekukataza, ila watu watajua ulikolelewa.

Na meza ya mbele, karibu na mlango, ni ya skonzi. Anayeingia na baridi yake anapokelewa na skonzi ya moto iliyokatwa kwa kisu, jamu, na chai ya buli kubwa la kahawia lililovalishwa kofia ya sufu. Meza hiyo haipigiwi kura. Anaishika mwenye mikono ya skonzi mpaka aiachie mwenyewe. Effie aliirithi kwa mama mkwe wake, ambaye hakuwa akimpenda, na bado alimwachia. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kusikia mtu akipewa.

Na sasa ilikuwa inamtoka, kwa sababu ya upepo na chupa.

Sitasema nilinyamaza. Nilimwambia Ripeka Waaka, lakini yeye ni mwenyekiti wa ukumbi, ana haki ya kujua. Nikamwambia mwenye duka kwa sababu nilikuwa nanunua maziwa. Kufikia jioni wakata manyoya walikuwa wanabishana habari ya soda katika banda la kondoo, nusu wakisema Merle ana wivu, nusu wakisema mtu hazushi kitu kama hicho bila kuonja. Ripeka hakupayuka. Aliniambia tu kwamba ikiwa ni kweli, basi Effie hawezi kuketi pale alipomwondoa mwenzake, na kwamba yeye mwenyewe hatamwambia, maana anamheshimu mno. Alisema kwa huzuni. Mume wa Ripeka alipokufa, Effie ndiye aliyesimama jikoni kwenye marae, ukumbi wa ukoo wao wa Kimaori, siku zote za msiba, akikata mkate bega kwa bega na shangazi za Ripeka.

Kesho yake nikaenda kwa Effie, kisingizio mayai. Niliukuta mlango wazi na yeye mezani, unga umepepetwa, chupa ya jamu mbele yake.

"Noelene," akasema, "nifungulie hii. Imekaza."

Niliigusa ikafunguka. Haikuwa imekaza hata kidogo.

Tukatazamana. Kisha akaitoa mikono kwapani akaiweka mezani, mmoja mmoja, kama mtu anayeweka chini vitu vya kuazima. Baridi yabisi ilikuwa imevivimbisha vifundo mpaka vidole vimeelekea upande, kama miti ya pwani yetu inavyolazwa na upepo. Nilikuwa naonana na mwanamke huyu kila siku ya Mungu na sikuwa nimeiona. Aliivalisha glavu, akaitia mifukoni, akaificha chini ya taulo la skonzi.

Akanieleza bila kujihurumia. Siagi husuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama makombo, na ncha zake zilikuwa zimegoma tangu kipupwe cha mwaka juzi. Unga uliotiwa soda na krimu hausuguliwi, unakorogwa kwa kisu mara chache tu. Kisu bado anaweza kukishika.

Nikamwambia basi waambie watu, watakuonea huruma.

"Huruma ndiyo sitaki," akasema. "Ukitoa neno hapa, mayai yangu utayasikia kwa jirani."

Nikauliza Jumamosi atafanya nini. Akasema ataoka. Zaidi ya hapo hakusema, akaanza kupanga majani ya chai kwenye makopo, akiyanusa, mimi na mayai yangu nikaondoka. Na siku zile zilizobaki sikumwambia mtu. Hata maziwa sikwenda kununua, nisije nikapayuka dukani.

Jumamosi theluji ilikuwa imeshuka mpaka nyuma ya makaburi. Nilifungua ukumbi mapema, nikawasha jiko, nikajaza pipa maji, na watu wakaanza kuingia wakikanyaga sakafu kwa nguvu miguu ipate damu. Sijawahi kuona ukumbi umejaa vile. Wengine walifuata chai. Wengi, tuseme ukweli, walifuata Effie na Merle. Hata watu wasiokula ngano walikuja.

Merle hakuonekana. Meza yake ya biskuti ilikuwa tupu, vikombe vipana vimefunikwa midomo chini.

Effie aliingia wa mwisho, kidani cha lulu shingoni, skonzi zake kwenye taulo jeupe zikifuka mvuke, na Dougal Strang, mkata manyoya mstaafu, akimbebea kapu. Ripeka akaomba dua kwa Kimaori, tukasema amina. Watu wakanyoosha mikono kwenye sahani.

"Kabla hamjala," Effie akasema.

Akatoa kwenye kapu chupa ya soda ya limau, akaisimamisha katikati ya meza, kati ya jamu na buli, kama mtu anayemkalisha mgeni.

"Skonzi hizi ni za hii. Za mazishi ya Athol pia, na za vipupwe viwili vilivyopita, zote." Akainua mikono yake juu, wazi, hakuna glavu. "Hii haisugui tena siagi. Ningewaambia mapema, lakini mlizisifu sana, nikawa nazila sifa zenu na jamu."

Pipa la maji lilikuwa likiguna nyuma yangu. Nilimwona Ripeka akijisogeza kwenye ukingo wa kiti. Nilijua anatafuta maneno ya kumwomba Effie aiachie meza.

"Kwa hiyo tusile?" Dougal akauliza. Tayari alikuwa na moja mkononi, na nyingine, niliona, mfukoni.

Kicheko kikatoka hapa na pale. Kisha sauti ikasema kutoka nyuma kwamba haiwezekani, skonzi ya soda mtu yeyote anaijua, ni tamu, wao wangegundua.

"Ni tamu," Effie akasema. "Ndiyo maana nilibadilisha chai."

Akamwita Ripeka mbele. Akaniambia nilete kikombe kutoka meza ya sponji, chai yao ile nyepesi, akakata skonzi moja na kumpa mwenyekiti nusu. Ripeka akala, akanywa, akatafuna polepole kwa uaminifu wa mtu aliye mahakamani.

"Keki," akasema. Alisema taratibu, lakini lilifika mpaka ukutani.

Effie hakutikisika. Akanipa ishara nimimine kutoka buli la kahawia, kwa kuwa yeye hawezi kuliinua likiwa limejaa, na kwa mara ya kwanza aliniacha nimsaidie mbele ya watu. Chai ilitoka nyeusi-nyekundu kama ngozi ya tandiko la zamani. Maziwa tone tu. Harufu yake ilikuwa na ukali wa moshi wa mbali kidogo. Ripeka akala nusu ya pili, akanywa. Akanywa tena. Akafumba macho.

"Skonzi," akasema.

Hapo utulivu wa ukumbi ukavunjika. Kila mtu alitaka kujionea, vikombe vikawa vinavuka meza kwa meza kama siku ya mnada, watu wa sponji wanaomba chai ya skonzi, watu wa jibini wanaonja wapate kubisha. Nami nikaonja. Kwa chai nyepesi ilikuwa kitu cha watoto, kitamu, kinashikamana na kaakaa. Kwa chai ya Effie, ule ukali ulishuka juu ya utamu ukaukunja, kilichobaki kikawa ngano na krimu na chumvi kidogo, na joto linaloteremka mpaka kwenye soksi. Vipupwe viwili mwanamke huyu alikuwa ameshika ukumbi mzima mkononi, kwa mikono isiyoweza kufungua chupa ya jamu. Nilisikia kiburi hata mimi, na sikuwa nimefanya kitu zaidi ya kuchemsha maji. Nilitaka wale wa Gore waione, waende wakasimulie.

Ripeka akagonga kikombe kwa kijiko. Alisema kama ni chai, basi meza ya mbele haijawahi kushikwa vizuri kuliko leo, na yeye haoni sababu ya kumwinua mtu. Watu wakapiga makofi.

Effie aliyangoja makofi yaishe.

"Merle aliijua," akasema. "Watu wote hawa, vinywa vyote hivi, na ni ulimi wake tu ulioijua. Yuko wapi?"

Shingo zikageuka. Mimi nilikuwa natoka kufuata kuni, nikafungua mlango wa kibaraza tunapovulia buti, nikamkuta. Alikuwa amesimama katikati ya buti za watu, kofia ina theluji, kopo la biskuti kifuani. Kwa jinsi theluji ilivyokuwa imeyeyuka kwenye mabega yake, alikuwa amesikia yote.

Nikaokota kuni mbili zilizokuwa karibu na mlango, nikarudi nyuma hatua, nikaacha mlango wazi. Siwezi kudai nilienda mbali.

Effie akaja akasimama kizingitini, palepale alipomrudishia sahani. Kila mmoja wao alijua ni palepale.

"Umekuja kuniona nikirudishwa," Effie akasema.

"Nilikuja kuona. Kisha miguu ikakataa." Merle akavuta kamasi. "Hukuwa na haja ya kunitaja. Walishakupigia makofi."

"Walinipigia nusu ya habari." Effie akanyoosha shingo, lakini sauti haikunyooka nayo. "Siku ile nilizionja zako na chai uliyopika wewe, ile nyeupe. Nikakuita kioski. Skonzi zako hazikuwa na kosa, Merle. Kosa lilikuwa kwenye buli, na mimi niliyejidai najua chai sikulijua mpaka mikono ilipoharibika. Nilikukosea."

Merle akalikumbatia kopo lake zaidi. Upepo uliingia chini ya mlango wa nje ukazungusha theluji kwenye buti.

"Nililia njia nzima mpaka nyumbani," akasema. "Na skonzi zilikuwa zimepoa, nikawapa kuku. Kuku wako. Walikuwa wamevuka ua."

"Walitaga vizuri wiki ile," Effie akasema.

Nilimsikia Merle akijizuia kucheka, akashindwa kidogo puani. Kisha akaangalia mikono ile, karibu, kwa mara ya kwanza.

"Tangu lini, Effie?"

"Mwaka juzi. Ungekuwa bado unakuja kwangu asubuhi ungeiona."

Hilo lilimwingia. Aliliacha liingie. "Sasa unataka nini kwangu, nikusamehe nikiwa na buti miguuni?"

"Sitaki msamaha wa haraka. Nataka mikono yako. Mwaka ujao uoke wewe, meza ya mbele. Sugua siagi au mimina soda, shauri lako. Mimi nitaketi kando na buli, nikuambie inataka chai gani."

"Na nani atainua buli?"

"Noelene. Anasikiliza hapo nyuma ya mlango, kwa hiyo ameshakubali."

Nikajitokeza na kuni zangu mbili kama mtu mwenye shughuli.

Merle akatazama ndani, juu ya bega la Effie, kule kwenye mvuke na makelele na vikombe. Akauliza, kana kwamba hajali sana, kama skonzi zimebaki.

"Mbili, chini ya taulo. Dougal amekwisha kuziona." Effie akasogea kando ya mlango, akalipokea kopo la biskuti kwenye mkunjo wa mkono wake, kifuani, mahali ambapo hapaumi. "Vua buti, Merle. Ingia tule."